Rangi Isiyomkohoza Mama

Jumapili, 13 Julai

Nimeahidi. Mbele ya Mama, mbele ya Janice, mbele ya Mjomba Mulei, na chapati mdomoni. Haifutiki tena.

Mambo yako hivi. Njau anataka kumwoa dada yangu Janice. Watu wa kwao wanakuja hapa Mwihoko Jumamosi ya tarehe 26, kujua nyumbani. Tulipokubaliana siku, Mama akainua macho akatazama kuta za sebule. Sote tukazitazama. Saruji tupu, ya kijivu. Baba aliijenga nyumba hii kwa mikono yake, akatutoka kabla ya kuipaka rangi. Na sisi hatujawahi kuipaka, kwa kuwa Mama ana pumu. Harufu ya rangi humfunga kifua. Jirani akipaka lango tu, Mama huhamia kanisani mpaka likauke.

Mjomba Mulei, kaka yake Mama, akasema basi tukodi ukumbi Githurai. Wageni wasije wakadhani tunaishi kwenye gereji. Janice akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba yeye angependa kuombwa ndani ya nyumba ya Baba. Machozi yakamlengalenga.

Ndipo nikasema nitatengeneza rangi isiyonuka.

Mjomba akauliza kama hiyo ndiyo kazi ninayofanya huko Thika, maana yeye amekuwa akidhani ninaosha chupa. Mama akamkata: "Susu amesema. Imekwisha." Mama huniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kwa sababu Nzisa ni jina la mama yake. Akiniita hivyo siwezi kukataa kitu.

Nina shahada ya kemia. Nina meza yangu katika maabara ya kiwanda cha rangi. Nitashindwaje?

Jumatatu, 14 Julai

Mkuu wetu wa maabara, Bwana Kimeu, amekubali nitumie sampuli za polima zilizobaki, bora nisichome jengo. Alisema hivyo bila kucheka. Ni kwa sababu ya ule moshi wa Machi. Ulikuwa mdogo.

Naandika hapa jinsi rangi ya maji inavyofanya kazi, ili nifikiri vizuri. Ndani ya ndoo mna chembe za polima, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, zinaelea majini. Kila chembe imebeba chaji ileile ya umeme, kwa hivyo zinasukumana. Hakuna anayemgusa mwenzake. Ukipaka ukutani, maji yanaondoka, chembe zinabanana, na kama ni laini zinabonyea, zinashikana, mipaka inapotea. Zilizokuwa mamilioni zinakuwa ngozi moja. Mimi huona jambo hili ni zuri kuliko nyimbo nyingi.

Lakini chembe ngumu hazibonyei zenyewe. Viwanda huongeza dawa ya kuzilainisha, ambayo baadaye hutoka hewani. Hiyo dawa ndiyo harufu. Huyo ndiye adui wa Mama. Mpango wangu: niiache nje. Rahisi kabisa! Nashangaa nimekuwa wapi miaka yote.

Sitaki kuandika ninavyohisi kuhusu Janice kuondoka. Nitaandika kuhusu polima.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Nimepaka kigae hapa maabara. Rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Imekauka laini, imeng'aa, hainuki hata ukiweka pua.

Lynn, wa meza ya jirani, akaja kutazama bila kualikwa. Lynn ananukia maua, anaimba akipima, na vifaa vyake havivunjiki. Akasema kigae kimekauka vizuri kwa sababu kiko karibu na oveni zetu. Je, Mwihoko mwezi huu wa Julai kuna oveni? Akasema chembe hizo ni ngumu, baridini zitakataa kushikana.

Nikamwambia asante sana kwa mchango wake. Nilitumia sauti ya baridi kuliko Julai. Wivu ni kitu kibaya kwa msomi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefika nyumbani na ndoo mbili. Boda boda alidai ni maziwa, eti nimfungulie aonje.

Nikaziacha uani chini ya ulinzi wa Mjomba Mulei, nikaingia kunywa chai. Kosa. Nilipotoka nikamkuta anakoroga kwa mwiko, amejaa fahari. Akasema rangi nzito ni hasara, mafundi wote huizimua kidogo, naye ameniokoa. Alikuwa ameongeza maji ya kisima kwenye ndoo ya kwanza.

Maji ya kisima cha Mwihoko! Kila mtu hapa anajua yana chumvi. Chai yake ni ya chumvi. Nguo zikikauka zinasimama zenyewe. Na chumvi ndiyo inayozima ule umeme unaozitenganisha chembe. Zikikosa kusukumana, zinarukiana.

Mbele ya macho yangu rangi ikaganda. Mabonge juu, maji maangavu chini. Mama akatoka, akachungulia, akauliza kwa upole kama hayo ni maziwa mala, na kama ni yetu au ya kuuza.

Mjomba akasema labda ilikuwa imeharibika tangu Thika. Nikamweleza kuhusu chaji. Nilieleza kwa muda mrefu. Aliposikia "umeme" akaacha mwiko na kurudi nyuma.

Ndoo ya pili imepona. Nimepaka ukuta mmoja, ule wa nyuma ya makochi. Mama amekaa humohumo chumbani, akimenya ndizi. Nimesikiliza kifua chake kuliko nilivyosikiliza maneno yake. Hakukohoa! Si mara moja!

Jumapili, 20 Julai

Ukuta umepasuka kama tope la kiangazi. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Chembe zimelala hapo ukutani kama njugu ndani ya gunia, kila moja na lake. Baridi. Lynn hatajua. Lynn hatajua kamwe.

Lakini Mama alikuwa ameegemea ukuta huo akijifunga kitambaa. Akaenda kanisani na mgongo wote mweupe. Akina mama wa ushirika wakadhani amekuwa akisaga unga siku ya Bwana. Mmoja alimtenga kando akamwonya.

Mchana nikapata wazo. Kama tatizo ni baridi, dawa ni joto. Nikachukua pasi nikapiga ukuta pasi.

Imefanya kazi! Pale pasi ilipopita, chembe zimeyeyukiana, pamekuwa laini na pang'avu. Sasa tuna ukuta uliochakaa wenye alama nzuri sana ya pasi katikati. Nikaanza ya pili, tokeni za stima zikaisha. Janice akasema nikiendelea hivi nitamaliza sebule wakati wajukuu wake wanaolewa. Halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikakaa, tukacheka wote wawili migongo ukutani.

Tukainuka weupe.

Jumanne, 22 Julai

Kazini. Nimefikiri sana. Chembe ngumu hazikubali kushikana kwenye baridi. Basi jibu ni chembe laini. Laini kabisa! Zile zinazokubali hata ndani ya friji. Nimezipata rafu ya chini. Bwana Kimeu anasema ndizo zile wateja wetu hutumia kwa gundi ya stika.

Lynn (nani alimwita?) akasema nikitumia hizo peke yake, ukuta hautaacha kunata. Nichanganye na ngumu kiasi. Akasema ana mchanganyiko wake umebaki, nusu kwa nusu, hauna harufu, anipe ndoo. Akaongeza kwamba shangazi yake pia ana pumu.

Nilikaribia kukubali. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikawaza Mjomba Mulei akiuliza nani ametengeneza rangi hii, nami nijibu Lynn. Nikafunga mdomo. Nikamwambia ya kwangu inatosha.

Akasema sawa, akarudi kuimba.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekwangua ukuta ule, alama ya pasi imeondoka nayo (Janice amesikitika), na nimepaka sebule yote. Ndoo mpya, za chembe laini tupu, nilikuwa nimezifungia chumbani mwangu, ufunguo shingoni.

Jinsi ilivyokaa! Hakuna ufa hata mmoja. Jua lilipoingia dirishani jioni, chumba kizima kilikuwa rangi ya chai ya Mama. Hakuna harufu. Hakuna hata kidogo.

Mama alisimama katikati akazunguka polepole. Akavuta pumzi, ndefu, mpaka mabega yakapanda. Akaitoa. Pampu yake ya pumu ilikuwa mfukoni, hakuigusa. Akasema Baba angepaka buluu, lakini angezoea.

Nikaenda nje kuosha brashi. Ilichukua muda kuiosha.

Ijumaa, 25 Julai

Ukuta unanata.

Si sana! Nimeugusa asubuhi, ukanishika kidole kwa adabu, kama mtu anayekusalimia na hataki kukuachilia. Nzi watatu wamo. Kalenda ya kanisa inajishikilia bila msumari, jambo ambalo Mama amelisifu. Pazia likaguswa na upepo, likaenda ukutani, likabaki huko.

Hakuna wasiwasi. Nimenunua poda ya watoto, nimeupaka ukuta poda yote kwa kitambaa. Haunati tena. Unanukia mtoto aliyeogeshwa. Kisha, kwa usalama, nimechora mstari wa chaki sakafuni mbali na kuta, na viti vyote nimevipanga ndani ya mstari. Hakuna atakayegusa kitu.

Janice ameuliza mstari ni wa nini. Nimesema mtindo. Alinitazama vile anavyonitazama tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Akaniomba nimwambie tu kama kuna jambo, Nzisa, kesho si siku ya majaribio. Nikasema hakuna jambo. Je, mtu amwambie dada yake kabla ya siku kama hiyo? Atakonda bure.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika alasiri. Naandika kwa mpangilio.

Waliosema watakuja wachache walikuja wengi. Mzee Waweru, ami yake Njau na msemaji wao, mbele, katika koti zito la sufu. Shangazi yake Njau, Mama Warigia, ana sauti ya kuitia ng'ombe bonde zima. Nyuma yao wazee wengine wa makoti, na Njau mwenyewe akitoka jasho kwenye baridi. Viti havikutosha. Nilikuwa jikoni napakua muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe. Niliporudi, Mjomba Mulei alikuwa amevuka mstari wangu wa chaki, ameleta mabenchi ya kanisa, ameyasukuma yote mpaka ukutani, na wageni wamekaa. Wameegemea. Wote. Akaniambia sikioni kwamba ameniokoa tena.

Nikaomba poda ishinde. Haikushinda. Miili ilikuwa mingi, jiko lilikuwa linawaka, chumba kikapata joto, migongo ikakandamiza. Joto na mkandamizo! Hakuna kinachozifurahisha chembe laini zaidi ya hivyo. Nilisimama mlangoni na sinia nikijua kila kitu kinachotendeka nyuma ya mgongo wa Mzee Waweru.

Salamu. Maombi. Chakula. Mzee Waweru alikula sahani baada ya sahani bila kuinama mbele. Alikuwa anaipandisha sahani mpaka kidevuni. Nilidhani ni heshima.

Kisha Mjomba Mulei akasimama akasema neno letu. Kwamba sisi hatuna neno gumu ila moja. Mama ana kifua kibaya. Amebaki na mabinti wawili, mmoja anashinda Thika akikoroga ndoo. Kama Janice ataolewa, waishi karibu, hapa Ruiru, wasimpeleke Nyahururu kwa kina Njau. Mtu akikosa pumzi anahitaji mtu wa kumfikia.

Mama aliinamisha kichwa. Hakujua Mjomba angesema hivyo. Mimi pia sikujua. Janice alishika mkono wangu chini ya sinia. Kumbe hili ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, na mimi nilidhani ni kuta.

Sasa, kina Njau ni Wakikuyu, na Wakikuyu wana desturi yao. Wakiombwa neno zito hawajibu papo hapo. Hutoka nje, husimama kando ya ua, hunong'onezana, kisha hurudi na jibu moja. Huo mkutano wa pembeni huuita ndundu. Mzee Waweru akasema kwa heshima wanaomba kutoka ndundu. Akataka kuinuka.

Hakuinuka.

Akajaribu tena. Benchi likalia, yeye hakuinuka. Koti likasema kitu, kama plasta inayobanduliwa. Akatazama kushoto. Mzee wa kushoto naye alikuwa anasukuma miguu, mgongo umegoma. Wote! Safu nzima imetundikwa! Angeweza kutoka ndani ya koti, lakini mzee wa Kikuyu anayeongoza maneno havui koti mbele ya wakwe watarajiwa. Afadhali abaki humo mpaka Krismasi.

Akakohoa. Akasema kwa sababu ya baridi ya nje, leo ndundu itafanyika hapa hapa.

Wakapinda shingo, wakaanza kunong'onezana kwa Kikuyu. Sijui ni nani aliyewaambia Mama hajui Kikuyu. Mama ameuza nyanya soko la Githurai tangu mimi niko darasa la pili. Anajua Kikuyu cha sala na cha matusi.

Mama Warigia hawezi kunong'ona. Tulisikia yote. Alisema wakubali mara moja, kwani kijana mwenyewe hana hata nyumba Nyahururu, atalala na mbuzi? Alisema mwanamke huyu ana pumu na bado amepaka rangi kwa ajili yao, wamewahi kuona heshima kama hiyo wapi? Mzee mmoja akasema muthokoi huu peke yake ungemfanya yeye ahamie Ruiru. Mzee Waweru akasema kweli, tunakubali, msichana ni dhahabu. "Lakini tusikubali haraka. Tukunje uso kwanza."

Wakakunja uso.

Mbele yetu! Safu nzima ya nyuso zilizokunjwa, imebandikwa ukutani kama picha za maspika wa bunge. Mjomba Mulei akainua macho kwenye dari. Janice alikuwa ananibana vidole mpaka vikafa ganzi. Mzee Waweru akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba neno hili ni zito, zito sana, limewalemea.

Mama akajibu kwa Kikuyu safi cha Githurai. Akasema mikunjo ikitosha, waambieni mbuzi wa Nyahururu pole.

Hapo nyumba ikalipuka. Mama Warigia alicheka kwanza, akajirusha mbele, kitenge chake kikaacha ua zima ukutani. Mzee Waweru alijaribu kubaki amekunja, akashindwa, mabega yakaanza kuruka ndani ya koti. Alipofuta machozi akasema sasa ni wakwe, si watarajiwa tena, basi mtu anaweza kuvua koti kwao. Akachomoa mkono mmoja. Akachomoa wa pili. Akainuka na shati, akamkumbatia Mama.

Koti lilibaki. Limekaa wima ukutani, mikono imelegea, kama mzee ambaye bado anafikiria.

Tulivuta. Njau alivuta. Nikasema barafu, baridi huzifanya chembe ziwe ngumu ziachie, na ndivyo tulivyowakomboa wale wengine kwa barafu ya duka la samaki. Ngai, yaani Mungu, alitajwa sana. Lakini koti la Mzee Waweru lilikuwa limeegemea kuliko yote. Mama akasema liachwe. Litakuwa arabuni. Wakilitaka, watarudi.

Mzee Waweru alisema hajawahi kuona wakwe wanaokushika hivi. Alisema kwa furaha, nadhani.

Jumapili, 27 Julai

Nimeamka kwa sauti ya Mama sebuleni. Anazungumza. Nikachungulia. Alikuwa analisalimia koti habari ya asubuhi, huku anakunja pazia. Hapumui kwa shida. Pampu iko juu ya kabati na imeanza kupata vumbi. Amekataza mtu yeyote kukwangua ukuta. Ua la kitenge cha Mama Warigia litawekewa fremu.

Njau ametafuta nyumba za kupanga. Ile anayoipenda iko mtaa wa pili. Janice atakuwa anakuja kunywa chai yenye chumvi kila siku. Nimefurahi kiasi kwamba nimekwenda tena kuosha brashi ambayo ni safi.

Lynn amenitumia ujumbe kuuliza ilikuwaje. Nimemjibu rangi ilifanya kazi kikamilifu. Ni kweli. Nimefikiria jambo hili kwa makini, kisayansi, na tatizo halikuwa rangi. Tatizo lilikuwa makoti. Watu walivaa makoti mazito na wakakaa sana. Rangi haiwezi kulaumiwa kwa tabia za wageni.

Na harusi ni Desemba. Desemba kuna jua, na watu hawavai makoti. Mjomba Mulei amesema viti vya plastiki atakavyokodi vimepauka, ni aibu. Mama akanitazama. Akasema, "Susu?"

Nimewaambia viti vyote waniachie mimi.